Gari Lisilobisha Hodi

Mke wangu alipokwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga, tulikubaliana nimfuate kila Jumamosi. Nilifanya hivyo kwa muda. Kisha dizeli ikapanda, ikapanda tena, na teksi yangu, ambayo tangu zamani ni mlafi, ikawa inameza kazi ya wiki nzima kwa safari moja. Nikaanza kwenda mwisho wa mwezi, na miezi mingine nikapitiliza. Kwenye simu mke wangu hakulalamika. Aliuliza tu kama ninakula vizuri, nami nikamdanganya.

Dereva mwenzangu tunayemwita Kipara alikuwa amenunua gari la umeme, na pale kituoni hatukupumua kwa sifa zake. Halina oili ya kubadilisha. Usiku analichomeka ukutani kama simu, asubuhi limeshiba. Tulipomuuliza bei akaitaja, na wazee wote wakatazama pembeni.

"Bibi harusi wako hali kitu," nikamwambia, "lakini mahari yake ni nyumba yangu pamoja na bati zake."

"Ndiyo maana mimi nimeoa kwa mkopo," akajibu. Kisha akashusha sauti. "Lichukue Jumamosi, mzee wangu. Kamwone mama."

Njia nzima nilipiga hesabu. Umeme wa kwenda na kurudi haukufika hata robo ya gharama ya dizeli. Kwa namna hiyo ningemwona kila wiki, na hata katikati ya wiki nikijisikia. Kabla sijafika nilikuwa nimekwisha kulinunua gari lile kichwani, na nimemkalisha mke wangu kiti cha mbele.

Nikaegesha mbele ya geti la shemeji, nikasubiri. Hakutoka mtu. Nikasubiri tena. Nikawaza, basi, amenikasirikia, na haki anayo. Nilikuwa bado nimeshika usukani, natunga maneno ya kuomba radhi, alipotoka na ndoo ya maji machafu, nusura animwagie.

"Umekaa humo tangu saa ngapi, baba?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Miaka yote ile, injini yangu ndiyo iliyokuwa ikinibishia hodi. Aliisikia tangu kwenye kona, akainjika chai, na mimi nikishuka namkuta mlangoni. Sijawahi kugonga mlango wa mke wangu, na siku ile tu ndipo nilipolitambua jambo hilo.

Akanawa mikono, akaingia, tukazunguka mji. Kwa mara ya kwanza tulizungumza garini bila kupigiana kelele. Aliuliza bei, nikaitaja kama ilivyo. Akapapasa kitambaa cha kiti kwa kiganja, kama mtu anayepima nguo dukani huku akijua hatainunua.

"Dada bado hawezi kusimama," akasema taratibu, na hakuna neno lililonipita. "Huenda nikakaa mwaka mzima."

Teksi yangu ingelimeza neno hilo, nami ningejifanya sikusikia. Ningeweza kumwambia tutalinunua, naye angejifanya ameniamini. Nikamuuliza kama anapenda turudi kwa njia ndefu ya kule nyuma ya viwanda.

"Twende," akasema, akavuta mkanda akaufunga vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza tunaondoka nyumbani.