Kamba ya Pilipili

Kabla Fausta hajatua begi lake kijijini Tindiga, wilaya ya Kilosa, maswali yalikwisha kumpokea. Amekuja likizo kutoka chuo kikuu Morogoro, mwaka wa pili, basi kila aliyekutana naye, kisimani, mashineni, mpaka mlangoni mwa kanisa, alikuwa na lake: unasomea nini, utakuwa nani, utaajiriwa wapi? Akijibu kwamba anasomea wanyamapori, watu walimtazama kama wanaongoja amalizie, halafu wakacheka.

Aliyemwandama kuliko wote ni Mwanakheri, mjane ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na la Monica, mama yake Fausta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wa tembo. Hebu nikumbushe, ukimaliza utakuwa nani?"

"Afisa wanyamapori, mama. Mungu akijalia."

"Yaani hawa hawa wanaotumalizia mahindi, wewe ndiye ukawalinde?" Mwanakheri akawageukia wenzake waliopanga foleni ya kusaga. "Mtoto wa Grace anasomea uuguzi. Wa Elikana ualimu. Huyu wetu mwaka wa pili huu anamsoma tembo, na sijui tembo naye anamsoma!"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Monica alikuwepo na debe lake kichwani. Njiani ndipo aliposema, bila kumtazama binti yake, "Kwani ualimu ulikuwa na ubaya gani?"

Hilo ndilo lililomchoma Fausta. Ya Mwanakheri angeyameza, ila la mama yake halikumezeka. Akajiapiza kwamba mama lazima aone, walau mara moja, kuwa elimu ile ina kazi.

Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa, na tembo walishaonekana wakivuka kutoka upande wa Mikumi. Huko Mikumi, alipokwenda kwa mafunzo ya vitendo, wakulima walimwonyesha kamba ya pilipili. Unasimamisha nguzo kuzunguka shamba, unafunga kamba ya katani, unaning'iniza matambara yaliyoloweshwa oili chafu na pilipili kichaa iliyotwangwa. Tembo akinusa tu, anageuka. Lakini mzee mmoja wa kule, Filipo, alimwonya: "Msifunge mmoja mmoja, mwanangu. Fungeni wote, mstari mmoja. Tembo ukimfukuza kwako harudi porini na njaa yake, anaingia kwa jirani."

Fausta akaenda mashineni, akaomba kila nyumba itoe kamba na matambara. Hakufika hata kwenye sababu.

"Mimi matambara yangu ya kudekia," alisema Mwanakheri. "Tembo simpikii mchuzi."

Kicheko kikaanza upya, na hasira ikampanda mtoto wa watu. Akafunga shamba la mama yake peke yake, pande zote nne.

"Na wenzetu je?" Monica akauliza.

"Si wamekataa?"

Neno la mzee Filipo hakumwambia.

Asubuhi ya siku ya tatu walikuta nyayo kubwa kama masinia. Zilifika mpaka kwenye kamba, zikasimama, zikageuka. Kwa Monica halikuvunjika hata bua moja. Kwa Mwanakheri halikusimama hata bua moja. Mjane alikuwa ameketi katikati ya shamba, miguu ameinyoosha, mkononi ana gunzi lililotafunwa.

"Shikamoo, mama," Fausta alisema kwa sauti ya chini.

Mwanakheri alimtazama usoni, kisha akageuza kichwa. Tindiga mtu anaweza kukunyima chumvi, lakini marahaba huwa hanyimwi mtu.

Jioni mzee Mwinshehe, mjumbe wao, alikuja akasimama uani. Kiti alikikataa.

"Elimu yako tumeiona," alisema. "Inafanya kazi."

Akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza Fausta chochote. Monica naye akifika kisimani, mazungumzo yanakatika. Akipanga foleni mashineni, wanawake wanasogeza ndoo zao. Wiki nzima hakuna aliyepiga hodi kwake.

Asubuhi moja Fausta aliamshwa na sauti ya panga. Akatoka mbio. Mama yake alikuwa anakata kamba, nguzo baada ya nguzo.

"Mama! Watayamaliza yote! Utakula nini?"

"Wewe unarudi Morogoro. Mimi nabaki na hawa. Nikiugua ni hawa, nikifa ni hawa watakaoniosha."

"Lakini niliwaomba wakakataa!"

Monica akasimamisha panga. "Ulijua kwamba tembo wataingia kwa Mwanakheri?"

Fausta akainama kuokota kipande cha kamba.

"Nimekuuliza."

"Nilijua."

Mama yake akatikisa kichwa polepole, akaendelea kukata.

Tembo walikuja siku mbili baadaye, wakala mpaka mwisho wa shamba. Kulipokucha majirani walifika mmoja mmoja. Mwanakheri alikuja na ungo.

"Pole, jirani."

"Nimeshapoa, jirani."

Wakainama pamoja kuokota kilichosalia, wakizungumza habari za mvua, na Monica akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Fausta naye akainama. Akaokota hindi moja lililopondeka upande, akalipangusa udongo, akaliweka kwenye ungo.

Mama yake akalitoa, akalitupa chini.

"Nenda kafungashe nguo zako," alisema. "Gari la Kilosa linapita saa nne."