Habari Iliyomfikia Kabla ya Mjomba

Mke wangu Mwanaheri tulimzika juzi kijijini kwetu Mlola. Mtoto wetu Fahadi yuko Maskati, na kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake; huambiwa na ndugu aliye naye. Mjomba wake Ismaili, anayeishi huko huko, tulishampata kwa simu, amwambie yeye. Fahadi hana simu. Anapatikana kwenye ukurasa mmoja wa intaneti ambapo watu wa kwetu huandikiana. Nikashuka mjini Lushoto kwa Hamida mwenye kompyuta, nimwambie mwanangu aende kwa mjomba wake.

Hamida alifungua ukurasa, kikatokea kisanduku cha kijivu kitupu.

"Ni programu ndogo ya Java, baba. Inashuka kutoka kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotuunganisha, na laini yetu inatambaa kama kinyonga."

Mwishowe maneno yakatokea. Fahadi alikuwemo.

"Shikamoo baba," akaandika.

Hamida akaandika nilivyomwambia: "Marahaba. Mama yako anaumwa. Nenda kwa mjomba wako sasa hivi."

Kabla Fahadi hajajibu, mtu mwingine wa kwetu aliyekuwemo akaandika: "Fahadi, pole sana kwa kufiwa na mama."

"Futa hiyo," nikasema.

"Haifutiki, baba. Seva imeshawapelekea wote waliomo."

"Baba, huyu anasema nini?" Fahadi akauliza.

Hamida akanitazama. Nikamwambia aandike ukweli.

"Mmeshamzika?"

"Tumeshamzika."

Jina lake likatoka kwenye orodha ya waliomo. Tulisubiri, halikurudi. Nikaondoka kutafuta simu, nimwambie Ismaili asimngoje Fahadi nyumbani, amfuate alipo.