Harage Mkononi mwa Niyubahwe

Asubuhi hiyo Pelagia alimkagua mwanawe mlangoni, vifungo vya shati, kucha, pua, kama anayempeleka kubatizwa. Niyubahwe alikuwa na miaka sita. Alisimama kimya akimtazama mama yake usoni bila kupepesa, maana ndivyo alivyowatazama watu wote, na wasiojua kitu waliuita ukaidi. Uani zilisubiri bodaboda mbili. Mumewe Claude alikuwa kwenye moja, na kwenye nyingine kaka mkubwa wa Claude, Pasikali. Walifika jana yake kutoka Kibondo, na mkoba wa nguo za mtoto ulikuwa umekwisha kufungwa nyuma ya pikipiki ya Pasikali.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliopita mwalimu wa shule ya awali alimrudisha Niyubahwe nyumbani: haitikii, hafuati, amekaa tu. Pelagia, aliyemaliza kidato cha nne akaishia kwenye shamba la maharage hapo Rungwe Mpya, akasema basi atamfundisha mwenyewe. Akamfundisha kweli, jikoni, kwa mkaa na kipande cha ubao. Claude, ambaye biashara yake iko Kibondo na nyumbani huja mwisho wa mwezi, hakuwa na neno na shule hiyo. Neno lake lilikuwa moja: akimwita mwanawe, mwanawe haitikii. Sikukuu ya Krismasi mtoto alipelekwa kwa Pasikali, akarudi na mistari ya fimbo mgongoni kwa sababu aliitwa kutoka zizini hakuja. Sasa Pasikali alitaka akae naye moja kwa moja, anyooke.

Pelagia aligoma, akalia, mwisho akapata upenyo. Kasulu mjini kuna mama anayepima makuzi ya watoto: mwili, mikono, akili, maneno, hata jinsi mtoto anavyocheza na wenzake. Akimaliza humwambia mzazi afundishe nini na aanzie wapi.

"Haya," Claude alikubali. "Akisema mtoto yuko sawa, nakuachia umfundishe. Akikuta kasoro, shule yako ya jikoni imekwisha. Anakwenda Kibondo."

Hapo ndipo Pelagia alipofanya ujinga wake, na alikuwa mwanamke mwenye akili, jambo linalokasirisha zaidi.

Jirani yake Claudine alikuwa amempeleka bintiye kupimwa, akamsimulia kila kitu kilichofanyika. Mtoto atatembea juu ya mstari. Atafunga vifungo, atatunga shanga. Kisha atapewa maharage na kopo, na kila akisikia mlio nyuma yake atadondosha harage moja ndani ya kopo. Pelagia aliposikia la kopo, akamwomba Claudine alirudie.

Alijua. Mama asijue vipi? Alijua kama mtu anavyojua kuwa paa lake linavuja, lakini ni kiangazi, akajiambia ataliangalia baadaye. Tangu masikio ya mtoto yalipotoa usaha akiwa na miaka mitatu, maneno yake yalikuwa machache na yaliyokatika mwisho. Ukimwita kwa nyuma, umeita ukuta. Lakini ukija mbele yake ukapiga makofi yale ya polepole ya salamu, yale ambayo Muha wa huku Kigoma hafundishwi kwa maneno, Niyubahwe alikuwa wa kwanza kupiga ya kwake. Wazee wa kijiji kizima wakamsifu kwa adabu. Nani atamdhania uziwi mtoto anayeitikia salamu vizuri hivyo?

Na katika masomo ya jikoni, mama na mwana walikuwa na ishara yao. Pelagia akiinua kidevu kidogo, mtoto anajibu. Ilianza yenyewe tu, bila hila. Sasa hila ikaingia. Wiki nzima walishinda na kopo la nyanya na maharage: kidevu juu, harage ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Pelagia hakuwa anaogopa kifo. Alikuwa anaogopa Kibondo.

Mama wa kupima aliitwa Kuruthumu, mtu wa asili ya Ujiji, mwenye ushungi wa kijani na sauti ya taratibu. Alikodi chumba nyuma ya duka la vitenge. Aliwapa wanaume benchi karibu na mlango, akataka Pelagia naye akae huko, lakini mtoto alipoona mama anasogea mbali akamshika kitenge na midomo ikaanza kutetemeka.

"Basi mama akae pale mbele amwone," Kuruthumu akasema. "Mtoto mwenye hofu hapimiki."

Pelagia alikaa akitazamana na mwanawe.

Kwanza yote yalikwenda kama maji. Niyubahwe alitembea juu ya mstari wa chaki, akasimama kwa mguu mmoja, akatunga shanga kwa kufuatanisha rangi bila kuambiwa. Alipopewa biskuti akaikata, nusu akampelekea baba yake. Claude aliipokea kwa mikono miwili, na uso wake ukalegea kidogo. Kwenye maneno tu ndipo Kuruthumu alipokunja uso. Mtoto aliita ng'ombe "ngo" na sufuria "sufu", akitazama midomo ya mwulizaji wakati wote.

"Sasa tucheze na maharage," Kuruthumu akasema, na akazunguka nyuma ya mtoto na kikapu chake, macho ameyakaza kwenye mkono wa mtoto.

Kengele ndogo ililia. Pelagia aliinua kidevu. Harage likadondoka koponi.

Kayamba likatikiswa polepole. Kidevu, harage. Kuruthumu akanong'ona jina la mtoto kwa mbali, sauti ambayo hata Pelagia aliisikia kwa shida. Kidevu. Niyubahwe akadondosha, akatabasamu, maana aliona mama yake amefurahi. Amebaki kwangu, Pelagia alijisemea. Amebaki.

Kuruthumu alirudi mbele, akaketi, akamtazama mtoto kwa muda.

"Masikio yanasikia, tena vizuri," akasema. "Ila mtoto anayesikia hivi, maneno yake yasingekuwa haba hivi. Mimi sijaelewa. Ningependa mumrudishe nimwone tena."

"Mimi nimeelewa, mama," Pasikali akasema kutoka mlangoni, kwa heshima zote. "Tulikuwa tunabishana kama ana ugonjwa. Kumbe hana. Anasikia hata mnong'ono. Basi nikimwita zizini alinisikia, akakaa. Hiyo si kasoro, ni kiburi, na dawa yake ninayo. Samaki mkunje angali mbichi."

Pelagia alimgeukia mumewe. "Baba Niyu, ulisema akiwa sawa abaki."

Claude alitazama mkono wake. Alikuwa bado ameshika ile nusu ya biskuti, hakuila.

"Nilisema," akajibu. "Lakini moyoni nilikuwa naomba wakute kitu. Nikimwita mwanangu asigeuke, nilikuwa najiambia labda hasikii. Kwa hiyo alikuwa ananisikia miaka yote hii. Ananidharau tu, mimi baba yake." Akamgeukia Pasikali. "Kaka, mchukue."

Pasikali alisimama. Niyubahwe alimwona akija, akajivuta kwenye kiti, akamtazama mama yake akingoja kuambiwa afanye nini.

Kumbe yeye, mama, ndiye aliyemfungia mwanawe ule mkoba. Pelagia aliliona jambo zima kwa mara moja, na lilikuwa baya kuliko fimbo zote za Kibondo: kwa kidevu chake mwenyewe amewathibitishia kwamba mtoto huyu anastahili kupigwa. Aliona aibu. Hata hivyo alisimama, akajiweka kati ya shemeji yake na kile kiti.

"Hasikii," akasema.

"Mama Niyu, acha," Claude akasema.

"Hasikii. Mimi ndiye nilikuwa namwambia. Hivi." Akainua kidevu, na nyuma yake Niyubahwe, aliyekuwa ameegemea upande ili amwone uso, akadondosha harage koponi. Hakuna mlio wowote uliopigwa.

Kuruthumu hakumgombeza, ingawa angekuwa na haki. Alichukua kikapu chake.

"Kaa palepale ulipokuwa," akamwambia Pelagia. "Fumba macho."

Pelagia alifumba. Alisikia kengele, ile ndogo. Akangoja. Akasikia kayamba, kisha kengele kubwa zaidi. Akamsikia Kuruthumu akiita, kwanza kwa mnong'ono, halafu kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwita mtoto aje ale. Koponi hakukuanguka kitu. Machozi yalimtoka chini ya kope na hakuyafuta.

Alipofumbua, Niyubahwe alikuwa bado ameshika harage juu ya kopo. Mkono ulianza kumchoka. Alikuwa anamtazama mama yake kwa wasiwasi, akitafuta kosa alilofanya.

Claude aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti, karibu kabisa.

"Niyubahwe," akaita.

Akaita tena kwa nguvu, vile alivyozoea kuita kutoka uani, hadi muuza vitenge akachungulia. Mtoto hakugeuka. Claude alibaki amesimama, mkono mdomoni. Aliyoyafikiri wakati huo ni yake, ila Pelagia aliona mabega yakimtikisika.

"Kaka," akasema mwishowe bila kumtazama Pasikali, "nenda kafungue ule mkoba."

Pasikali alisimama kidogo, akatoka.

"Hospitali wamwangalie masikio kwanza," Kuruthumu akasema. "Yapo ya kutibika na yapo yasiyotibika. Kwa vyovyote nitawaonyesha namna ya kumfundisha, na baba naye ajifunze."

Claude aliitikia kwa kichwa. Alizunguka kiti taratibu, akachuchumaa mbele ya mwanawe, uso kwa uso, akapiga makofi yale ya salamu.

"Mwakeye, mwanangu," akamwamkia kwa Kiha.

Mikono ya Niyubahwe ilikuwa na kazi, haikuweza kujibu. Alimtazama baba yake, akayatazama makofi, akadhani ndiyo ishara mpya. Akaachia harage, likagonga bati, na wote mle ndani wakalisikia isipokuwa yeye.