Jiwe la Chumbani kwa Mama Mwaija

"Usiliguse hilo jiwe!"

"Sasa ukuta uwe na kipara, fundi?"

"Uwe na kipara, uwe na pembe, nimesema liache."

"Mama mwenyewe kasema anataka ukuta mzima."

"Mama anajua lipu?"

"Na wewe unaogopa jiwe?"

Hapo fundi Mhoja akaniangalia kama anatafuta pa kunipiga mwiko. Malimi, mwenzangu, akainamia karai, anacheka chinichini.

Tulikuwa Mkolani, nyumba ya Mama Mwaija, kule mlimani. Huku kwetu ukijenga mlimani, jiwe lililokushinda kulipasua mnaishi nalo ndani. La mama limetokeza kidogo tu kwenye ukuta wa chumbani, pana kama ng'ombe aliyelala. Miezi minane nimechanganya mchanga na saruji, leo ndiyo kwanza Mhoja ananipa mwiko. Ukuta mmoja tu. Lipu ikishika, kesho naenda naye kwenye kazi mpya Kisesa kama fundi. Ikidondoka, narudi kwenye chepe na ndoo.

"Haya, ziba, shauri yako," Mhoja akasema. "Kesho asubuhi nakuja kuugonga nisikie kama umeshika."

Nikaanza. Tofali nikazimwagia maji, nikarusha lipu. Mara tatu ikanirudia miguuni. Ya nne ikakaa, nikajua kumbe siyo nguvu, ni vile unavyokunja mkono mwishoni. Nikapitisha rula, ukuta ukanyooka. Kwenye jiwe nikajaza nene, nikalainisha. Jioni hata hujui jiwe liko wapi. Nikaondoka kifua mbele.

Asubuhi nikawahi peke yangu. Nikagonga kwa vidole. Kwenye tofali: du, du. Kwenye jiwe: ko, ko, kama mtungi hauna kitu. Nikachomeka ncha ya mwiko, kipande saizi ya sinia kikaanguka.

Ningeweza kupaziba fasta. Mchanga upo, saruji ipo, Mhoja hajafika. Lakini nikakigeuza kile kipande. Mgongo wake laini kama sahani. Nikabandua kingine, laini vilevile. Nikabandua, nikabandua, mpaka kona ya chini ikagoma. Nikaipiga nyundo. Ikavunjika juujuu, nyingine ikabaki imeng'ang'ania jiwe.

Kwa nini hapa tu?

Nikapiga magoti. Pale jiwe lilikuwa na ufa. Halafu nikakumbuka, jana kabla sijaziba nilioshea mwiko hapohapo, maji ya saruji yakalimwagikia jiwe. Sasa kilichoishikisha lipu ni ufa au ni maji?

"Umebomoa mwenyewe?"

Mhoja huyo mlangoni. Nje Malimi anapiga honi ya pikipiki.

"Shikamoo fundi. Kwenye jiwe haikushika."

"Marahaba."

Akapita akigonga tofali kutoka mlangoni mpaka dirishani, juu na chini. Du, du, du. Jiwe akaliruka.

"Nilikupa tofali, zimeshika. Jiwe nilikukataza. Osha mwiko twende Kisesa, mama nitaongea naye."

Nilitaka kuruka. Nikachukua ndoo, nikaosha mwiko, nikaukausha kwenye suruali. Macho yakarudi pale chini.

"Fundi, ila kona hii mbona imeshika?"

"Imeshika tu. Twende."

"Ni ufa au maji ya saruji?"

"Dogo, watu wanatusubiri Kisesa, wewe unaniletea habari za ufa?"

Shule niliacha darasa la sita kwa majibu ya hivyo. Ukimuuliza mwalimu: iko hivyo tu, kaa chini.

"Nendeni," nikasema. "Upande huu wa juu hauna ufa. Nusu naupaka maji ya saruji, nusu nauacha hivihivi, halafu naziba wote. Kesho nitajua."

"Kesho nafasi yako anayo yule kibarua mwingine, Yakobo."

"Najua."

"Na ukirudi kwangu unarudi kwenye chepe."

"Najua, fundi."

Akaliangalia jiwe, akauangalia mwiko wangu umeshaingia kwenye ndoo tena, unakoroga maji ya saruji.

"Kichaa wewe," Mhoja akasema. Akageuka, akatoka.