Ulifungwa, Ulifungika

Kila asubuhi, saa moja na nusu, mhudumu wa chumba cha maiti alisoma kipimajoto cha friji, akaandika nyuzi ubaoni, akapiga deki, kisha akakaa kwenye stuli yake kujifunza Kilatini. Wenzake walimwita Padri, ingawa seminari hakuwahi kuona hata geti lake. Kitabu cha sarufi na kitabu cha mashairi alivikuta sokoni vikisubiri kuchanwa kurasa za kufungia karanga. Alitaka kitu kimoja tu: kuyasoma mashairi yale bila kamusi kabla hajastaafu. Kamusi yenyewe aliitunga daftarini, kwa penseli, pengine kwa kubahatisha.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa mshonaji katika kiwanda cha magodoro. Akipita kumsalimia hakuacha kumtania.

"Mjomba, hiyo lugha si ilishakufa? Utaongea na nani?"

"Na waliokufa. Hapa ninao wengi."

Alimfundisha neno moja, *avunculus*, ambalo alilipenda kuliko yote: kaka wa mama, si wa baba. Watu waliojua kwamba mjomba si baba mdogo, alisema, hawakuwa wajinga.

Mwaka wa tatu marehemu walianza kumsahihisha. Huenda walikuwa wakisema siku zote, naye akadhani ni mota ya friji. Aliyeingia akiwa dereva au mchuuzi alizungumza Kilatini safi kabla ya kutimiza siku moja, na lugha nyingine zote zilikuwa zimemtoka. Walimwonyesha irabu za kuvuta na za kukata. Padri aliwashukuru, akafunga droo zao.

Kisha kiwanda cha magodoro kikaungua. Waliletwa washonaji tisa, na mpwa wake akalazwa droo ya sita.

"*Salve, avuncule*," alimsalimia kesho yake.

Padri alilia mpaka kamasi zikamtiririka. Halafu akaandika namba kwenye kadi, akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wa mtoto wa dada yake, maana kazi ni kazi.

Ofisa wa uchunguzi alifika Jumanne na karani wake. Alipoelezwa kwamba marehemu wanazungumza Kilatini, aliuliza kama hospitali ina mkalimani mwenye kibali. Haikuwa naye. Akatoa fomu ya mkalimani wa muda, Padri akasaini.

"Waulize kwa nini hawakutoka."

Padri aliuliza. Wakajibu wote tisa kwa pamoja: *ianua clausa est*.

*Ianua*, yaani mlango, alikuwa analijua. *Clausa* hakuwa na hakika nalo. Alifunua daftari, akakuta mwandiko wake mwenyewe wa miaka miwili nyuma: -fungika.

"Wanasema mlango ulifungika."

Karani aliandika. Ofisa hakuuliza la pili. Alipiga muhuri palepale, juu ya meza ya kuoshea, akaaga kwa adabu.

Walipoondoka, droo ya sita iligongwa kutoka ndani. Mpwa alitaka kujua kwa nini mjomba hakuwauliza *a quo*: na nani.

Hapo ndipo Padri alipoliona kosa lake. Mlango uliofungika umejifunga wenyewe, kwa joto au kwa kutu, na hauna wa kulaumiwa. Mlango uliofungwa una mkono wa mtu. Kilatini hakikuwa na neno la kwanza. Kilikuwa na la pili tu, na anayemtaka mtendaji sharti amwulizie.

Alimwulizia. *A praefecto*, walisema. Na msimamizi wa kiwanda, kutoka nje, kwa kufuli, wasije wakatoka na nyuzi za kushonea. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake walipokuwa wakigonga.

Kesho yake Padri alikuwa mlangoni kwa ofisa kabla ofisi haijafunguliwa.

"Ni herufi chache tu, ofisa. Si kufungika, ni kufungwa."

"Mzee, umesaini mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika. Yalimwagwa."

Karani alitabasamu kidogo. Ofisa alieleza, bila ukali wowote, kwamba fomu ya marekebisho ipo, ila lazima isainiwe na shahidi aliye hai aliyekuwepo ndani wakati wa tukio.

Ijumaa alikuja dada yake kumchukua mtoto wake. Alikuwa na cheti cha kifo mkononi na khanga mbili mpya begani. Alikaa kwenye ile stuli akasoma taratibu, akiifuata mistari kwa kidole.

"Mlango ulifungika," alisema. "Afadhali, kaka. Ni ajali. Ningesikia kuna mtu aliyemfungia, nisingepata usingizi tena."

Kutoka droo ya sita sauti ilisema maneno mawili.

"Anasemaje?"

Padri alilitazama daftari lake. Angeweza kusema anakusalimu. Dada yake asingejua kamwe, na marehemu tisa wangeishia kumsahihisha yeye peke yake.

"Anasema na msimamizi. Ulifungwa, dada. Na msimamizi."

"Hapa pameandikwa ulifungika."

"Ndiyo. Niliyesema hivyo ni mimi."

Dada yake alikikunja cheti mara nne, akakitia kifuani, akamwomba amsaidie kushika upande wa miguu. Toka siku ile hakumwita tena kaka.

Jumatatu kiwanda kilifunguliwa, katika jengo la pili, na msimamizi yuleyule. Padri alipiga deki, akakaa na kitabu cha mashairi. Droo ya sita ilikuwa tupu, lakini nyingine tatu zilikuwa bado na watu, akawasomea. Lilikuwa shairi la mtu aliyelala kizingitini usiku kucha, akiubembeleza mlango umfungukie. Alilisoma mwanzo hadi mwisho bila kugusa daftari, na kila neno alilielewa.

Marehemu walimsahihisha irabu moja. Ilikuwa ya kwanza, katika *clausa*: alikuwa ameikata mapema, wakamwambia aivute.