Siku Mkamwana Alipoilegeza Tambura

Haya nilisimuliwa na mkamwana mwenyewe, msimu wa baridi uliopita, tulipokuwa kwenye benchi la kliniki ya macho tukingoja kuitwa. Foleni haikuwa na haraka, na yeye ni mtu wa kusema polepole, basi niliyapata yote, na mengine nilimrudisha nyuma anieleze tena.

Mama mkwe wake alikuwa mwimbaji. Si wa kuimba harusini. Aliimba nyimbo za kale za Kihindi, zile za kukaa chini miguu umeikunja, wimbo mmoja ukala saa nzima na maneno yake hayajazi kiganja. Mji mzima ulimwita Mwalimu, maana nusu ya waliojua kuimba walipitia sebuleni kwake. Nyumbani walikuwa watatu: Mwalimu, mwanawe mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, na mke wa huyo mwana, ambaye ndiye aliyeshika tambura.

Tambura ni ala ndefu yenye nyuzi nne tu. Haina wimbo wake. Kazi yake ni kuvuma nyuma ya mwimbaji mwanzo hadi mwisho, ili asipotee. Hutoa ile sauti ya kwanza wanayoiita Sa, na Sa ndiyo kizingiti: mwimbaji hutokea hapo na hurudi hapo. Mkamwana alikuwa ameketi nyuma ya mama mkwe wake tangu mwaka alioolewa, akitazama kisogo.

"Wenzangu wanawajua wakwe zao kwa uso," aliniambia. "Mimi wangu namjua kwa shingo."

Na shingo ndiyo iliyotoa siri. Tangu mvua zilipokatika, kila Mwalimu alipopanda kuelekea Sa ya juu, ile ile ikirudi baada ya sauti saba, mishipa miwili ya shingo ilisimama kama kamba za kuanikia nguo, na kabla hajafika aligeuza njia akashuka kwa madoido. Wanafunzi walipiga makofi wakidhani ni ufundi. Mkamwana alijua ni kukwepa. Uzee ulikuwa umeingia kooni.

Dawa yake ilijulikana: kulegeza nyuzi za tambura nusu ngazi. Sa ishuke, na ile ya juu ishuke nayo, mama afike bila kujiumiza. Waimbaji wengi wakizeeka hufanya hivyo. Lakini wa kuamua Sa ikae wapi ni mwalimu peke yake. Kulikuwa na mwanafunzi aliyewahi kukigusa kigingi cha kukazia uzi bila kuulizwa. Alifukuzwa siku ile ile, na salamu zake hazikuitikiwa tena. Mkamwana alilijua hilo, ila siku moja wakati wa chai alijikaza.

"Mama, tukishusha kidogo tu..."

"Tushushe nini?"

"Tambura."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Sa hii nilipewa na mwalimu wangu nikiwa msichana. Siku nitakayoshindwa kuifikia mbele za watu, siku hiyo nimenyamaza. Sitaimba tena hata bafuni. Mimina chai."

Akamimina. Mumewe aliangalia dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Ndipo likaja tamasha. Walioliandaa walitaka kuchanganya: huku muziki wa Kihindi, kule dabu, yaani ule muziki wa mashine wenye besi nzito na mwangwi unaorudi na kurudi hadi mtu asahau ulianzia wapi. Mwalimu alipangwa jukwaa moja na fundi wa dabu waliyemwita Besi, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizoanza mvi na tumbo la kuheshimika. Wimbo wa Mwalimu ulikuwa wa alasiri, na kwao wimbo una saa yake, basi ikawa lazima wapige alasiri. Besi alinung'unika kwamba besi na jua ni paka na panya, lakini alikuja.

Ukumbi ulikuwa karakana ya zamani ya kushonea mahema. Spika zilipangwa moja juu ya nyingine karibu zifike paa.

"We mwenye makabati," Mwalimu alimwambia asubuhi wakati wa majaribio, "ukiyafungua hayo, meno yangu yatabaki?"

"Ya kuzaliwa nayo au ya kununua, Bibi?"

"Ya kununua."

"Basi yashike mwenyewe. Mimi simo."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Mkamwana hakukipenda kile kikohozi.

Katika majaribio yale Mwalimu hakupanda juu hata mara moja. "Naitunza," alisema. Alipokwenda kutafuta maji ya moto, mkamwana alimsogelea Besi mezani kwake, penye vitufe na nyaya.

"Kaka, mashine yako inavuma kwenye Sa ya Mama. Ikitakiwa kushuka nusu ngazi, inashuka?"

"Inashuka. Hapa, kwa kidole kimoja."

"Katikati ya wimbo?"

Besi alimtazama. "Dada, hiyo ni kuhamisha nyumba na watu wamelala ndani."

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza tu." Alikuna ndevu. "Nikishusha ghafla, kila mtu atasikia. Ila nikipiga king'ora, ile sauti inayoporomoka kutoka juu mpaka chini, na mwangwi ukiifuata, chini ya hiyo unaweza kupitisha hata tembo. Watu wangu wameizoea, watashangilia. Utapata pumzi chache za kufanya mambo yako."

"Basi nikikutazama..."

"Nitazame, nitakuona. Usinikonyeze tu, mke wangu yuko mlangoni anakata tiketi."

Mumewe alikuwa nyuma yao na kinyundo chake cha kukazia tabla. Alikuwa amesikia. Alimvuta mkewe kando.

"Usithubutu. Mama akishindwa mwenyewe, ni uzee, na uzee ni wa kila mtu. Ukimshusha wewe, ni aibu umemvisha wewe. Hatakusamehe, na mimi sitakuwa na la kumwambia."

"Na akinyamaza moja kwa moja?"

"Atakuwa amenyamaza na heshima yake."

"Heshima hiyo ndiyo itakayokuamsha asubuhi? Ile nyumba bila sauti yake utaweza kuikaa?"

Mumewe aligonga ngozi ya tabla, to, to, akasikiliza, akaenda zake.

Alasiri ukumbi ukafurika. Wengi walikuwa watu wa Besi, wamesimama mikono mifukoni wakingoja besi iwashike. Wa Mwalimu walikuwa wachache, wameketi mbele kwenye mikeka. Mwalimu akaingia na shali yake ya kijivu, akainama, akaketi. Mkamwana akakaa nyuma yake, tambura imesimama begani, akaanza kuvuta nyuzi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, tena na tena. Besi akaleta mvumo chini yake, mzito, ukawaingia watu kwa miguu kabla ya masikio.

Mwanzo wa nyimbo hizi hauna ngoma. Mwimbaji hutembea peke yake, sauti moja moja, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba. Mpiga tabla hungoja, mikono mapajani. Mwalimu alianza chini, na huko chini alikuwa bado simba. Wa mikono mifukoni wakaitoa. Besi alishika ncha ya kila sauti akairusha kwenye mwangwi, kwa adabu, ikazunguka ukumbi ikarudi kumsalimia mwenyewe.

Utamu wote huo mkamwana hakuupata. Alikuwa anatazama shingo.

Mwalimu akapanda. Akafika sauti ya tano, akaipamba, akakaa hapo. Mshipa wa kushoto ukasimama. Akagusa ya sita, akateremka, akapanda tena. Wajuzi kwenye mikeka walijua anakokwenda, kwa sababu wimbo ule hauna pa kujificha. Sa ya juu ndiyo mlango wake, na usipoufungua hujaimba kitu. Mshipa wa kulia ukasimama. Kwenye sauti ya saba, hatua moja kabla ya kilele, koo likakwaruza. Kidogo tu, ukucha kwenye kitambaa. Lakini kwenye makabati yale hakuna kidogo. Mkwaruzo ukatoka mkubwa, ukaingia kwenye mwangwi, ukarudi. Ukarudi tena. Na tena.

Mama mmoja kwenye mkeka akajishika mdomo.

Mwalimu akashuka upesi hadi Sa ya chini, akanyamaza hapo, macho ameyafumba. Mabega yalipanda na kushuka. Mkamwana alielewa: anajikusanya. Safari ijayo atakwenda moja kwa moja, liwalo na liwe. Na ikikatika, ndiyo basi.

Viganja vilimtoka jasho, jambo baya kwa mshika nyuzi. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anamtazama tayari, akatikisa kichwa: hapana. Mkamwana akapiga moyo konde, akageuza uso kwa Besi.

Besi hakungoja konyezo. King'ora kikalia kule juu, kikaanza kuporomoka, na mwangwi ukakifuata wimbi kwa wimbi. Watu wake wakapiga kelele na kunyoosha mikono. Mkono wa kulia wa mkamwana haukuacha kuvuta. Wa kushoto ulikuwa juu kwenye vigingi. Uzi wa pili ukalia ukilegea, akausikia yeye tu aliyekuwa ameubana mti wa tambura kwa sikio. Wa tatu ukateleza, ukapita, akaurudisha. Wa nne, ule mnene, kigingi chake kiligoma. Akakikaba, kidole kikachubuka, kikatii. King'ora kilikuwa kinakaribia chini na kelele zinapungua, na wa kwanza bado. Akauzungusha kwa kubahatisha. Mwangwi ukafa.

Tambura ikabaki inavuma, nusu ngazi chini ya mahali ilipokaa miaka yote ya Mwalimu, na chini yake mashine ya Besi, sawia.

Mwalimu akafumbua macho.

Ukumbi haukujua. Waliojua ni wanne tu waliokuwa jukwaani. Kisogo kikageuka polepole, na mkamwana akauona uso wa mama mkwe wake katikati ya wimbo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hasira hakuiona. Aliona uso wa mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umehamishwa. Mwalimu akatazama vigingi. Akatazama kile kidole chenye damu. Mkamwana akaendelea kuvuta, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, maana tambura haikatizwi hata nyumba ikiungua.

"Bibi, twende!" mtu akapaza sauti huko nyuma, na mwingine akamnyamazisha.

Mwalimu angeweza kuinuka. Angeweza pia kuimba Sa yake ya zamani juu ya tambura iliyoshuka, na ukumbi mzima ungejua kosa ni la nani. Mkamwana alilisubiri lolote kati ya hayo.

To, to, ikasikika kando.

Ni mumewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, kinyundo mkononi, anaigonga tabla kwa chini, anailegeza ifuate. Hakumtazama mtu.

Mwalimu aliisikia na hiyo. Akageuka mbele. Akavuta pumzi, akaimba Sa ile mpya, fupi, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Akaiimba tena, ndefu. Kisha akapanda bila pambo na bila kukwepa. Mishipa ikasimama. Sauti ya saba ikapita, na Sa ya juu ikatoka.

Ya ujanani haikuwa. Ilikuwa na ukungu pembeni. Lakini ilisimama, ikakaa, ikazidi kukaa, na Besi, mtu mwenye akili zake, hakuitia mwangwi hata chembe. Mama mwenyewe alipoiteremsha ndipo tabla na besi zikaingia kwa pamoja, sakafu ikatetemeka, na wa kwenye mikeka wakainuka pamoja na wa mikono mifukoni.

Wimbo ukaisha. Watu walimpongeza Mwalimu, akawapungia. Garini alikaa mbele, mwanawe akiendesha. Mkamwana alikaa nyuma na tambura mapajani, akihesabu nguo alizo nazo na dada zake watakaompokea.

Walifika jua bado liko ukutani. Mwalimu hakwenda chumbani. Aliketi sebuleni na shali yake.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Mama."

"Mlipanga na yule wa makabati?"

"Nilimuuliza kama inawezekana."

"Na huyu?" Alimwelekezea mwanawe kidevu.

"Yeye alinikataza."

"Kisha akanigongea kinyundo." Akamgeukia mkamwana. "Umenivunjia heshima, mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Watu hawakujua."

"Hawakujua."

"Mimi nimejua." Gari lilipita nje, likaisha. "Na uzi wa kwanza uliuacha chini mno. Nimeimba wimbo mzima unanichoma sikioni kama mwiba."

"Nisamehe, Mama. King'ora kiliniwahi."

"Mshika tambura hawahiwi." Akainuka kwa kushika mkono wa kiti. "Kafunge hicho kidole. Kesho asubuhi wanafunzi wanakuja."

Mkamwana alibaki amesimama.

"Na nyuzi, Mama? Nizipandishe kabla hawajaja?"

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni kwake. Alishika kitasa, mgongo kwao, kile kisogo kile kile.

"Ziache hapo. Huo wa kwanza tu urekebishe."

Akafunga mlango. Kitanda kikalalamika mara moja, kikatulia. Mpiga tabla alijitupa kwenye kochi na viatu vyake akidai anapumzisha macho, na kabla hajamaliza kusema akaanza kukoroma. Mkamwana akafunga kidole kwa kitambaa, akakaa sakafuni na tambura, akauvuta uzi wa kwanza polepole asiwaamshe, akausogeza, akausikiliza, hadi ukakaa. Akaiegemeza ala ukutani, akajinyoosha pale pale mkekani, akalala huku pazia bado lina mwanga.