Siku Ile Hakukuwa na Ukungu

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, na mvua ya rasharasha ilinyesha juu ya mashamba ya Iowa yaliyotoka kupandwa mahindi. Rochelle Dykstra aliegesha gari nyuma ya kanisa. Alimwambia mwanawe Harlan achukue mwavuli, na Harlan, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitano, akauacha.

Katika ukumbi ulio chini ya kanisa, akina mama wanaosomesha watoto wao nyumbani walikuwa wamepanga mezani vitabu walivyokwisha kuvitumia. Rochelle alikuja kwa jambo moja tu: mtaala wa uandishi wa darasa la kumi. Hesabu haikumtisha, wala sayansi. Uandishi ndio uliomnyima usingizi, kwa sababu Harlan hakuwa akiandika. Harlan alisimulia, na mama yake akapiga chapa.

Mwanzo wake ulikuwa huruma. Harlan alipokuwa mdogo herufi zilimchezea machoni, na mkono ulimchoka kabla mstari haujaisha. Mshauri mmoja akasema: mwache aseme, wewe uandike. Basi kila asubuhi mtoto alizunguka jikoni akisimulia, na mama akaandika mezani. Ilikuwa saa tamu kuliko zote za siku. Miaka ikapita, na hakuna aliyesema mwisho wake ungekuwa lini. Sasa mtihani wa kuingia chuo haukuwa mbali, na huko Harlan angekaa peke yake. Rochelle hakujua kama mwanawe angeweza kuandika hata nusu ukurasa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Verlene Postma, mwanamke aliyesomesha watoto saba jikoni kwake na asiyemwogopa mtu.

“Karibu, shoga. Na huyu mlingoti ni nani? Harlan! Mama yako anakulisha nini, mbolea?”

“Keki zako za lozi, shangazi.”

“Mwongo mkubwa. Chukua moja.”

Verlene aliwaonyesha mitaala miwili. Wa kwanza ulikuwa mnene, wenye juzuu tatu na orodha ndefu za tamathali za kuiga. Wa pili ulikuwa kitabu kimoja chembamba. Rochelle aliushika ule mnene, kisha akatoa karatasi mkobani.

“Nimeleta kazi yake. Nisaidie kumpima, tujue aanzie juzuu gani.”

Verlene alisoma kwa sauti: “‘Ukungu uliligubika zizi kama sanda, na moyo wa Babu ukapasuka kimyakimya.’” Akavua miwani. “Harlan, mwanangu. Sanda umeitoa wapi?”

Harlan alitazama viatu vyake. “Mimi nilisema ng'ombe wa Babu waliuzwa.” Akamgeukia mama yake kwa upole. “Siku ile hakukuwa na ukungu, Mama.”

Rochelle alicheka. Alicheka peke yake.

“Niliinyoosha kidogo tu,” alisema.

“Umeinyoosha mpaka imekuwa yako, shoga.” Verlene alikifungua kile kitabu chembamba. “Somo la kwanza hapa: mzazi atoke chumbani. Haya, toka. Kahawa iko jikoni.”

“Verlene, mkono wake—”

“Mkono wake unaendesha trekta. Harlan, keti. Andika habari hiyohiyo ya ng'ombe.”

“Nenda, Mama,” Harlan alisema. “Sitakufa.” Lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

Jikoni kulikuwa na dirisha la kupitishia chakula, na Rochelle alisimama hapo. Alimwona Harlan akiandika, akipumzika, akikung'uta mkono, akiandika tena. Mara mbili mguu wake mwenyewe ulianza kwenda, na mara mbili akauzuia. Kahawa ilipoa mkononi. Hapo ndipo alipokiri moyoni jambo alilokuwa akilikwepa: hakuogopa tu kwamba Harlan angeshindwa. Aliogopa pia kwamba angeweza, na ile saa yao ya asubuhi ingekwisha.

Harlan alimletea karatasi mwenyewe. Herufi zilikuwa zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

*Lori lilikuja saa nne. Ng'ombe walipanda wenyewe kwa sababu Babu aliwaita. Lori lilipoondoka Babu alifagia zizi. Lilikuwa safi tayari. Nilichukua ufagio wa pili.*

Rochelle aliisoma mara mbili. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuokota penseli, kwa mazoea. Akairudisha mezani.

“Hukuniambia habari ya ufagio wa pili.”

“Nilikuambia. Ulikuwa bado unaandika ukungu.”

Alimvuta mwanawe kifuani, lakini kichwa chake mwenyewe ndicho kilichoishia begani kwa Harlan. “Nisamehe, baba,” alisema. Kisha akauliza jambo alilotaka kulijua kweli: “Babu alisema nini ulipochukua ufagio?”

“Hakusema kitu. Alisogea tu, akaniachia nafasi.”

“Hilo halimo humu.”

“Niseme, uandike?”

Rochelle alimrudishia karatasi. “Andika wewe. Mimi nitasubiri kusoma.”

“Usisubiri mbali sana,” Harlan alisema. “Na asubuhi bado nitakusimulia. Ila bila kompyuta. Unisikilize tu.”

Verlene aliuuza ule mtaala mnene kwa mama mwingine kabla ya adhuhuri, na hakumpa onyo lolote. Rochelle alinunua kitabu chembamba, akaenda kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono mapajani. Harlan alirudi mezani, akaongeza sentensi moja, akala keki ya pili, kisha akaenda kusaidia kukunja viti.